Nimewatumia waandishi zaidi ya 80 wimbo wangu, hakuna aliyeuandika

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, nina miaka 31. Nikitoka darasani natunga nyimbo na kuziimba mwenyewe kwa gitaa. Sina meneja wala lebo. Nyimbo zangu si za kuchezwa klabu, ni za mtu kukaa akasikiliza.

Mwaka jana niliachia nyimbo mbili. Nilizipandisha Boomplay, YouTube na kwingineko, kisha nikakusanya namba za watangazaji na waandishi huku na kule mpaka wakafika zaidi ya 80. Siku wimbo unatoka niliwatumia wote linki kwa WhatsApp: "Ngoma mpya imetoka, naomba sapoti." Wengi waliufungua ujumbe, tiki za bluu nikaziona. Waliojibu ni wanne. Watatu walinitumia dole gumba, wa nne akauliza, "Bajeti ya promo ipo?"

Sasa nina kazi mpya ya nyimbo tano. Hela ya kurekodi ilitoka kwenye upatu wetu wa walimu. Studio imekula 600,000, nimebaki na 350,000. Kuna kijana anajiita promota, anasema nikimpa hiyo 350,000 yote atanitoa kwenye magazeti na blogu kumi ndani ya wiki moja, na juu yake aniwekee "views" elfu ishirini. Kaka yangu ananiambia nitoe, mjini hakuna cha bure. Mume wangu anasema hela hiyo tulipanga kuezekea jiko. Tena kuna mwandishi nilikutana naye harusini, ameniahidi kuja Muheza kunihoji nikimtumia nauli na "ya maji".

Shangazi, wewe umewahi kukaa huko magazetini. Waandishi wanataka nini? Au sisi tusiokuwa na hela tuimbe tu majumbani mwetu?

Nilisahau, kazi yenyewe inaitwa Kipande. Bibi yangu mzaa baba anacho kipande cha marehemu babu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi kwenye shamba la mkonge. Anakitunza kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na cheti cha ubatizo. Babu alikuja huku na manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma. Wimbo wa tatu una maneno ambayo bibi alikuwa akiyaimba akianika katani. Lakini hayo ni mambo ya nyumbani tu.

Mwenye Gitaa, Muheza

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimesimama pale pale: "Lakini hayo ni mambo ya nyumbani tu." Nilikaa dawati la burudani miaka kumi na moja kabla ya kupewa safu hii. Laiti barua kama yako ingenifikia enzi zile, ningeinuka kitini kwenda kumwambia mhariri aniachie nusu ukurasa. Na ningeinuka kwa sababu ya lile kopo la maziwa. Gitaa lingefuata baadaye.

Tumalize kwanza habari ya hela. Huyo promota usimpe. Gazeti likiandika kwa kulipwa, hilo ni tangazo, na linatakiwa lioneshwe kuwa ni tangazo. Anachokuuzia yeye ni blogu kumi zitakazobandika maneno yale yale siku moja, ambazo hazisomwi na yeyote isipokuwa wewe na kaka yako. Hizo "views" ndiyo hatari zaidi. YouTube na Spotify huzisaka namba za kununua na kuziondoa, na tangu mwaka 2024 Spotify huitoza faini kampuni iliyokusambazia wimbo pale inapogundua usikilizaji mwingi wa bandia. Kampuni ikitozwa, inaweza kukushushia nyimbo zako zote. Utakuwa umetoa hela ya jiko ili uondolewe sokoni.

Kuhusu huyo wa harusini, mjibu kwa adabu kwamba unapatikana kwa simu na kwamba picha zote unazo. Mahojiano ya nusu saa hayahitaji basi la kutoka Dar mpaka Muheza. Kama kweli anaipenda habari, atapiga. Nauli ya mwandishi ni ya gazeti lake. Najua wako wenzangu wengi ambao mshahara wao ni aibu kuutaja, na huruma ninayo. Lakini ukishamlipa mtu akusifie, sifa zake hata wewe huwezi kuziamini, na wimbo wa pili atakudai tena.

Sasa nikueleze tiki za bluu zilitokea wapi. Jumatano, siku ya kufunga kurasa, simu yangu ilikuwa inaingiza linki zaidi ya arobaini kabla ya saa sita mchana. "Ngoma mpya." "Sapoti tafadhali." "Kali hii, sikiliza." Nilikuwa nafungua ili ile alama nyekundu iondoke, siyo ili nisikilize. Nisikilize kwa nini, wakati sijui huyu ni nani, ametoka wapi, anaimba nini, na linki inakula bando langu mwenyewe? Halafu wimbo ulikuwa umeshatoka tangu asubuhi, na ukurasa wangu ungefika mtaani Jumamosi. Kila aliyeniletea linki siku ile alikuwa amechelewa, hata angekuwa na sauti ya malaika.

Siku moja iliingia barua pepe ya kijana mmoja wa Mtwara. Mstari wake wa kwanza ulisema: "Mama yangu anauza pweza Shangani, na nyimbo zangu zote nimezirekodi saa ambazo yuko sokoni, kwa sababu hataki niimbe." Hakuandika neno sapoti. Aliandika mistari minane, akaweka picha mbili, akataja tarehe ambayo ilikuwa bado wiki tano. Wimbo wake haukuwa bora kuliko yote niliyopokea mwezi ule, nakwambia kwa moyo mweupe. Lakini nilimpigia simu baada ya dakika kumi, na swali langu la kwanza lilikuwa kama mama ameshajua. Akapata nusu ukurasa. Wiki iliyofuata mtangazaji wa redio moja ya Dar akaniomba namba yake.

Hicho ndicho mwandishi anachokitafuta, mwanangu. Wimbo mpya hautoshi kuwa habari, kwa sababu kila siku inatoka mingi. Habari ni mtu, mahali, na kitu ambacho msomaji atamsimulia mwenzake kwenye daladala.

Na wewe unacho, tena kwa wingi kuliko unavyojua. Mkonge uliingia pwani yetu mwaka 1893, Wajerumani walipouleta, na Tanga ikageuka mji wa mkonge. Watu waliletwa kutoka Kigoma na kwingine mbali, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kusaka vibarua, SILABU, na mpaka leo wazee wa Kigoma wakisikia jina hilo wananyamaza kidogo. Kipande kilikuwa na siku 30. Ukifanya kazi siku inawekwa alama. Usipomaliza kazi uliyopimiwa, siku hiyo haihesabiwi. Zikitimia 30 ndipo unalipwa. Sasa mjukuu wa mmoja wao, mwalimu, amekitoa kile kipande kwenye kopo akakitungia nyimbo tano. Hii si ya ukurasa wa burudani peke yake. Anayeandika historia ataitaka, anayeandika mambo ya kazi na vibarua ataitaka, na jarida la Jumapili pia.

Kisha uko mkoa wa Tanga, mahali ambapo gitaa lina ukoo. Bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka hapo. Vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa la umeme kwenye taarabu, na mwimbaji Shakila aliimba humo. Kama kuna mwanamke leo Muheza anakaa na gitaa lake kuimba habari za mashamba, mwandishi mwenye umri wangu ataunganisha mwenyewe. Mtajie kwa sentensi moja tu, usimfundishe.

Ungekuwa jirani yangu tungekaa barazani tukaiandika barua pamoja. Kwa kuwa uko mbali, tazama ninavyoiona mimi. Kichwa cha barua pepe kiseme: "Mwalimu wa Muheza aimba kipande cha babu yake, manamba wa mkonge." Halafu ndani:

"Ndugu fulani (andika jina lake, usiandike 'Mhariri'), nilisoma makala yako ya mwezi uliopita kuhusu jambo fulani (iwe umeisoma kweli). Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Muheza. Bibi yangu bado anatunza kipande cha marehemu babu, aliyekuja na manamba kutoka Kigoma kukata mkonge. Nimetunga nyimbo tano kutokana na kipande hicho, nimeziimba kwa gitaa. Katika wimbo wa tatu yamo maneno ambayo bibi alikuwa akiyaimba akianika katani. Zitatoka Ijumaa ya tarehe fulani. Linki hii ni ya kusikilizia kabla hazijatoka. Ukiwa na muda wa wimbo mmoja tu, anza na wa tatu. Picha na maneno ya nyimbo viko kwenye folda hii. Napatikana kwa simu kuanzia saa kumi jioni, nikishatoka shuleni."

Basi. Usiongeze "kipaji cha kipekee" wala "wimbo utakaoteka Afrika Mashariki". Sifa aziandike yeye. Ukijisifu humwachii kazi ya kufanya.

Barua hiyo usiwatumie wale 80. Watafute sita. Chukua magazeti ya miezi miwili iliyopita, Mwananchi, Nipashe, HabariLeo, utazame ni nani hasa anaandika habari za wanamuziki wasio na skendo. Majina ni machache, utayakariri. Tazama pia anayeandika habari za mkoa wako, maana mwandishi wa Tanga ana njaa ya habari isiyo ya ajali wala ya ziara ya kiongozi. Halafu kuna idhaa za Kiswahili za nje, BBC na DW ya Bonn, ambazo hupenda simulizi yenye sauti. Wao wape pia bibi akiimba, hata kama umemrekodi kwa simu uani. Na kwenye Music In Africa, tovuti yenye makao yake Johannesburg, fungua ukurasa wako mwenyewe, ili mwandishi wa Nairobi au Kampala akilitafuta jina lako akute kitu.

Mmoja kati ya hao sita mpe kwanza. Mwandikie yeye peke yake, mwambie hujampa mwingine, na msubiri siku tano. Mwandishi akijua habari ni yake, ataipigania kwa mhariri wake. Asipojibu, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili, kisha nenda kwa wa pili. Ukimya usiuchukulie kama tusi. Niliwahi kukaa na barua nzuri wiki tatu kwa sababu ya msiba na uchaguzi, nikaja kuiandika baadaye.

Muda ndio uliokuangusha mwaka jana, kwa hiyo usitangaze tarehe kabla hujawa na kila kitu mkononi. Nyimbo zikikamilika, ipe kampuni ya usambazaji wiki sita mbele. Wiki hizo ndizo za waandishi. Ndizo pia za kupeleka ombi kwa wahariri wa Spotify kupitia akaunti ya msanii, kwa sababu wanapokea wimbo ambao bado haujatoka. Ukiupeleka angalau siku saba kabla, unaingia pia kwenye orodha ya nyimbo mpya ya wanaokufuata. Hela ya huko usiitegemee sana. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 kusikilizwa ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Na katika zile tano, mmoja utangulie wiki tatu kabla ya nyingine. Ungekuwa mwanangu wa kumzaa ningekuamuru utangulize ule wa tatu.

Picha. Hapa nitasema kidogo kwa ukali, kwa sababu nimeona habari nzuri zikifa kwa picha. Gazeti haliwezi kuchapa picha iliyopita WhatsApp kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huiminya ikabaki kivuli. Itume kama faili, au iweke kwenye folda. Piga moja imelala na moja imesimama, kwa sababu hujui mpangaji wa ukurasa atabakiwa na nafasi gani. Andika jina la aliyepiga. Wala usiende studio yenye pazia la zambarau na maua ya plastiki. Kaa kwenye kizingiti cha nyumba ya bibi na gitaa lako, bibi akiwa nyuma, mchana wa saa kumi jua likiwa limelegea. Kisha piga kipande chenyewe, peke yake, kwenye kiganja cha bibi. Picha hiyo ya pili ndiyo nitakayoikumbuka mimi.

Hapo ndipo hela yako iende. Tafuta mpiga picha wa Tanga, mlipe nusu siku. Kiasi kingine kifanye onyesho dogo Muheza siku nyimbo zinapotoka, hata kwenye ukumbi wa shule, viti hamsini, waalike waliofanya kazi mashambani. Mwandishi wa mkoa atakuja, maana sasa kuna tukio la kuhudhuria, na redio za Tanga mjini zitataka wazee wazungumze. Hesabu zangu zinaonesha utabakiwa na zaidi ya nusu. Mabati ya jiko yanunuliwe. Mumeo hakukosea.

Mambo ya vibali nitayapita upesi kwa sababu unaweza kuyauliza ofisini kwao: jisajili BASATA, baraza la sanaa la taifa, na nyimbo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ila kuna moja la kuangalia. Maneno ya wimbo wa tatu ni ya bibi, au ni ya akina mama wote waliokuwa wakianika katani pamoja naye? Muulize. Mwandishi makini atakuuliza swali hilo, na kwenye folda liwe limeandikwa wazi nani alitunga nini.

Ukishaandikwa, usikae kuhesabu wasikilizaji siku ile ile. Makala ya gazeti haileti maelfu usiku mmoja, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kazi yake ni nyingine. Utaikata, utaiweka kwenye ukurasa wako, utaibandika kwenye maombi ya Sauti za Busara, lile tamasha la muziki la kila Februari Unguja, ambako wanataka muziki wa kupigwa mubashara na kuimba juu ya CD hawakutaki. Kwa mtu mwenye gitaa lake, mlango huo ni wako. Na waandishi wa nchi nyingi huwa wamekaa pale mbele ya jukwaa.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Sahani zile zimetuachia sauti yake. Lakini kwamba alizaliwa Fumba, kwamba alikuwa mtoto wa watu maskini aliyeuza vyungu kwa miguu akiimba njiani, hayo tunayajua kwa sababu Shaaban Robert alikaa naye kabla hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza, akaandika. Nikifikiria habari za waimbaji ambao hawakupata wa kuwaandika huwa nasononeka kwelikweli. Ndiyo maana swali lako la kuimba majumbani limenichoma. La, usiimbe nyumbani tu.

Ila kabla hujaandika barua hata moja, nenda kwa bibi. Mwambie unataka kukionesha kipande cha mumewe kwa watu asiowajua, kwenye magazeti, na kwamba wako watakaotaka kumuuliza habari za zamani. Wapo wazee ambao kumbukumbu za mkonge zinawauma, na wapo waliosubiri miaka yote waulizwe. Yeye ndiye atakayekwambia kopo lifunguliwe au libaki limefungwa. Akikataa, niandikie tena, tutatafuta mlango mwingine. Akikubali, ile picha ya kiganja niletee mimi pia.

Shangazi